Mama kaifunga valvu ya sinki

Rachida, upo?

Yule injinia wa gesi, Henrique, kaja leo kuiona nyumba. Akiipenda anapanga mwaka mzima.

Unakumbuka mama alivyokataa bomba la hewa la sinki la jikoni lisitokee juu ya paa? Mabati yale aliyapiga marehemu baba kwa mkono wake, hataki yatobolewe. Ndiyo fundi Latifo akaweka valvu ndogo chini ya sinki. Maji yakishuka inavuta hewa, kisha inajifunga harufu isitoke.

Sasa mama kaisikia inapumua, akadhani inatoa uvundo. Asubuhi kaifunga nailoni, akakaza na mpira wa baiskeli. Hakuniambia.

Henrique kafungua maji. Sinki likakosa hewa, likakoroma, likanyonya hadi yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba kuzuia harufu. Uvundo jikoni kote.

Mama kwa aibu kaingia na chetezo. Makaa mekundu, udi unafuka.

Henrique akapiga kelele, "Apague isso! Zima moto, hiyo inayonuka ni gesi ya maji taka, inawaka!"

Kampokonya chetezo, Rachida. Mama yangu. Kampokonya mkononi, ndani ya nyumba yake.

Kisha kaondoka, hakusema anaichukua wala haichukui.

Mama kakaa uani mpaka alasiri. Sasa hivi ndiyo kaniambia, "Mwite Latifo atoboe paa. Ila aje kesho, nitakapokuwa safarini Namoto. Sitaki kuisikia nyundo."