Waya Aliofunga Baba

Jumatatu, 10 Februari

Nimempeleka Mama hospitali tena. Vioo vya gari vimefungwa, kwa maana vumbi la kiangazi hiki linamziba kifua na daktari amelikataza kabisa. Klimu, ile ya kupoza hewa ndani ya gari, inapuliza hewa ya uvuguvugu, kama mtu anayekupumulia shingoni. Gari ni la marehemu Baba, nalo limezeeka. Karibu na soko pikipiki zikatuzingira, hakuna kwenda mbele wala nyuma. Mama akalegea kitini. Nilidhani amekufa. Nikashusha kioo, akazinduka, akaanza kukohoa hadi machozi.

Nikifungua anakohoa. Nikifunga anazimia. Nimechoka.

Jumanne, 11 Februari

Furaha, mdogo wangu, kapiga simu. Jumamosi wakwe wanaleta ng'ombe wake wa mahari. Watapokelewa Irumu kwa baba mdogo, mwenye malisho. Sisi hapa Bunia tuna nyumba ya kupanga na ua wa kuanikia nguo.

Katika ukoo wetu ng'ombe mmoja wa mahari ni wa mama, naye hupokelewa na mama mwenyewe, anamshika kwa mkono. Asipofika, ng'ombe huyo hurudi na waliomleta, na binti anaingia kwenye ndoa huku watu wakinong'ona. Baba hayupo. Mama naye akikosekana, Furaha atakuwa kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Yaya, Mama atafika?" Yaya ndiyo mimi, mkubwa wake.

Nikasema atafika. Mdomo uliponza kichwa. Njia ya Irumu ni vumbi tupu, na kwa gari hili atafika amezimia.

Jumatano, 12 Februari

Garaji. Fundi kaongeza gazi ya klimu, kaweka mkono mbele ya tundu, kasema, "Sasa iko muzuri." Tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha garaji, kweli ilikuwa nzuri kidogo. Nilipoendesha, joto lilelile. Nimerudi. Kaongeza tena. Joto lilelile.

Nimemfokea jirani kwa sababu ya kuku wake. Kuku hana kosa.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeosha radiyeta kwa maji na brashi. Vumbi jekundu lililotoka lingetosha kukandika ukuta. Bado uvuguvugu.

Usingizi hauji. Furaha kapiga simu tena, sikupokea.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeipata. Nimekasirika kuliko mwanzo.

Asubuhi niliwasha gari nikafungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikashika bomba la klimu. Baridi kabisa, linatoka jasho. Ndani ya gari, uvuguvugu. Basi kuna kitu kinachoipasha hewa moto njiani. Nikafuata mipira miwili inayopeleka maji moto ya injini ndani, yale ya kupasha gari wakati wa baridi. Kwenye mpira mmoja kuna robine ndogo ya kufungulia na kuzuia maji. Imefungwa kwa waya ibaki wazi daima. Juu ya waya, kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, na ncha imekunjwa isichome mtu. Baba alifunga kila kitu namna hiyo: lango, redio, miwani yake.

Kumbe miaka yote hii klimu inapigana na moto ambao Baba aliuachia.

Nikachukua koleo. Mama alikuwa mlangoni.

"Espe, usikate. Baba yako alifungaka ile juu ya kunisaidia mimi. Kule Djugu, kwenye milima, asubuhi tukienda kuona ng'ombe, nilikuwaka natetemeka. Akasema, sasa hautasikia baridi tena."

Nikamwambia hapa si Djugu.

"Najua hapa si Djugu. Siku tutarudi, nitasikia baridi."

Vita vilipofika tulitoroka kule kwa gari hili. Nyumba haipo tena, ng'ombe hawapo tena, na Baba tumemzika hapa Bunia. Nilitaka kumwambia hakuna pa kurudi. Nikasema tu kwamba Furaha ana mama mmoja, basi. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Hakula.

Nimeliacha koleo juu ya injini. Sitakata kitu cha Baba mbele ya Mama. Na kesho nitamwambia nini Furaha? Ninawachukia wote watatu: Mama, gari, na yule aliyekuwa fundi wa waya.

Jumamosi, 15 Februari, alfajiri

Nimetoka nje nikamkuta Mama ameinama chini ya kapo, kitenge chake kipya kina doa la mafuta. Hakutaka koleo. Ameukunjua waya polepole kwa vidole, akasukuma robine ikafunga.

"Twende. Binti yangu iko nangoja."

Jumapili, 16 Februari

Tulifika. Mama alishuka kwa miguu yake. Ng'ombe ni mwekundu, pembe moja imepinda. Mama alimshika mgongoni, akamwita kwa jina la ng'ombe wetu wa kule juu. Furaha akalia, mimi pia.

Wakati wa kurudi vioo vilikuwa vimefungwa, vumbi limebaki nje. Hewa ilitoka baridi sana. Mama alikuwa na waya mapajani. Nikamwona anatetemeka, nikanyoosha mkono nipunguze klimu. Akaushika mkono wangu.

"Acha. Iko sawa na kule."

Nikampa koti langu. Akajifunika, akatazama nje hadi tukaingia Bunia.

Waya ameuweka kwenye kisanduku cha gari, pamoja na bisibisi za Baba.