Maswali Kumi na Mawili kwa Mbwa Mmoja

Isangi, 4 Februari 2025

Falonne binti yangu,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, isipokuwa goti langu. Wewe je? Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei.

Wezi wamechukua mbuzi wangu wawili. Nilikuomba mbwa mmoja tu kati ya hao unaowaokota barabarani Kisangani. Badala ya mbwa, umenitumia msaidizi wako Josué na karatasi! Kasimama jikoni kwangu, majirani wanachungulia, anasoma: "Mama, mbwa atalala wapi? Nani atamulisha? Hapa nani iko anapiga?" Maswali kumi na mawili! Mimi niliyekuzaa! Bon, nimejibu. Mlete kwa boti ya Ijumaa.

Mama yako

Kisangani, 19 Februari 2025

Mama,

Nakusalimu. Pole na goti.

Jibu langu ni hapana. Umesema mbwa atafungwa kamba mchana kutwa na atakula kitakachobaki. Josué alipouliza mbwa wako wa zamani yuko wapi, ulicheka. Huyu unayemtaka nilimtoa kwenye mtaro wa Makiso, mguu umevunjika, watu wanamrushia mawe. Simpeleki nyumba nisiyoiamini. Nimemnyima hata padri.

Binti yako, Falonne

Isangi, 3 Machi 2025

Falonne,

Sisi wazima. Habari zako sikuulizi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini wewe hukulelewa na mimi, ulilelewa na kaka yangu Arsène huko mjini, na matunda yake nayaona. Wanawake wa kanisani wananiuliza kama nimefaulu mtihani wa mbwa. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nipe mbwa, ama usiniite mama tena.

Françoise

Kisangani, 27 Juni 2025

Mama,

Natumaini u mzima. Barua hii nimeichana mara nne.

Nilikuwa na miaka sita. Ulinipandisha boti, ukamwambia Tonton Arsène: "Mukamate, iko wako." Hukuuliza nitalala wapi. Nililala jikoni juu ya gunia, miaka tisa. Hukuuliza nani atanilisha. Nilikula walichobakiza. Hukuuliza nani anapiga pale. Mke wake alinipiga kwa mwiko na kwa waya wa redio. Boti zilipanda Kisangani kila wiki, na hukuja hata mara moja.

Unadhani yale maswali niliyatoa wapi? Nina hasira nawe, Mama. Ninayo kila ninapobisha hodi kwa mtu na karatasi yangu.

Mbwa amechukuliwa na Hadidja, fundi wa nguo hapa Tshopo. Nimeshakwenda kumwangalia mara tatu.

Falonne

Isangi, 15 Oktoba 2025

Falonne mwanangu,

Salamu. Huku ni mvua tu.

Barua yako niliisoma nikaificha, nikaitoa tena. Baba yenu alikuwa amekufa, nanyi mlikuwa watano. Leo tunakula, kesho hatuli. Mke wa Arsène nilimjua tangu ni msichana, na mkono wake niliujua. Ndiyo maana sikuuliza. Arsène angenijibu, ningekurudisha wapi?

Usidhani nakuomba msamaha. Lakini yule mbwa, ulifanya vizuri kuninyima.

Mama yako