Mama, Usimsamehe Mwakio

Doha, Ijumaa mchana, nimetoka kanisani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bado ni ule uliovimba ulipoteleza bafuni, au sasa ni ule mwingine? Kwenye simu husemi ukweli, unaniambia tu "tuko salama" na sauti inashuka. Mimi ni mzima. Joto limeanza kupungua, siku hizi natembea kutoka kituo cha basi hadi kazini bila shati kunigandia mgongoni. Bado niko hoteli ile ile ya West Bay, na bado kazi yangu ni mlango wa ukumbi wa harusi za wanawake. Nakagua mikoba na kuzuia simu zenye kamera, na mabibi wananukia udi mpaka napiga chafya kazini.

Barua hii utaletewa na Bakari, dereva wa hapa hotelini ambaye kwao ni Voi na anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asikae sana, lakini najua utamlazimisha chai. Sikutaka kuyasema haya kwa simu kwa sababu simu yako, mama, unaiweka sauti juu na majirani wote wanasikia habari zetu. Isome peke yako. Miwani ikiwa imepotea, papasa kichwani kwanza.

Ni habari ya mdogo wangu Mwakio. Mama, Mwakio hakuiba.

Najua nilichokuambia. Nilikuambia alipata shida kidogo na polisi wa Uingereza, akakubali kosa, wakamwachia, imeisha. Maneno hayo yalikuwa yangu na yalikuwa nusu tu. Sasa nakueleza yote, na naona aibu tangu mstari huu wa kwanza.

Unajua kazi yake kule ni kutunza wazee majumbani mwao. Anaingia nyumba hii asubuhi, anamwogesha mzee, anampa dawa, anampikia uji, kisha anakwenda nyumba nyingine. Kulikuwa na bibi mmoja mjane aliyempenda sana, aliyeshindwa kutamka jina lake akawa anamwita Michael. Siku moja binti wa huyo bibi alikuja kumtembelea, akakuta saa ya mkononi ya marehemu baba yake haionekani. Mtu wa nje pekee aliyekuwa akiingia mle ndani ni Mwakio. Binti akaiambia kampuni, kampuni ikawaambia polisi, na polisi wakampigia Mwakio wakamwomba afike kituoni kwa hiari yake ajibu maswali. Hawakumfunga pingu wala kumgusa, mama. Walimpa hata maji ya kunywa. Wakamwambia ana haki ya kuwa na wakili bila kulipa chochote, na kwamba halazimiki kusema neno.

Mwanao akasema hahitaji wakili. "Dada, niliona nikiitisha wakili watajua kuna kitu naficha," aliniambia baadaye. Na mimi nisingekuwa na akili zaidi yake. Kwetu mtu akionekana na wakili, si tayari majirani wamemhukumu?

Basi akakaa pale, maneno yake yanarekodiwa. Akaulizwa kuhusu saa, akasema hajaiona. Akaulizwa tena, akasema hajaiona. Kisha wakamwambia yule bibi analia kwa ajili ya saa ya mumewe. Hapo roho yake ikalainika kama kawaida yake, akasema, "Samahani sana. Kama mama amehuzunika na mimi ndiye ninayemtunza, basi kosa ni langu." Wewe ukisikia hivyo unajua mtoto ana adabu. Askari akajua amekiri.

Wakamweleza njia zilizopo. Akikana, uchunguzi utaendelea na pengine atapelekwa mahakamani. Akikubali, atatia sahihi onyo la polisi na kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Akaomba kupiga simu. Akanipigia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake.

Mimi nilikuwa mlangoni, harusi inaingia, foleni ya mabibi na mikoba yao, na kushika simu kazini ni kosa. Supavaiza alikuwa anakuja upande wangu. Nikajibanza nyuma ya pazia.

"Dada, wanasema nikubali ama twende korti. Na mimi sijachukua kitu."

"Ukikataa watakufukuza?"

"Sijui. Wanasema nikisaini naenda home."

"Basi si usaini! Omba msamaha yaishe, urudi kazini. Wewe na polisi wa wazungu, utawaweza?"

"Lakini sijaiba, dada."

"Nani amekuuliza kama umeiba? Saini. Niko kazi, bai."

Nikakata. Sikumwacha hata avute pumzi. Hayo maneno, "nani amekuuliza kama umeiba", yananijia nikiwa kwenye basi, nikifua nguo, hata leo mchungaji alipokuwa anahubiri. Mtu pekee duniani aliyepaswa kumuuliza ni mimi.

Sijitetei, lakini nataka uelewe ilikotoka akili hiyo. Huku ndivyo tunavyoishi. Wakati fulani supavaiza alikuta kipande cha sigara kwenye lindo langu. Mimi na sigara wapi na wapi? Lakini nikasema, "Sori bosi, makosa yangu," akanung'unika, akaenda zake, khalas, yakaisha. Nakato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, naye alisingiziwa kosa, lakini yeye akakataa, akataka kamera zitazamwe. Zikatazamwa, na zikaonyesha hana hatia. Hata hivyo akahamishiwa geti la magari, juani, na yuko huko hadi leo. Sisi wengine tukajua la kufanya. Na hata kabla ya Doha, pale nyumbani kikombe kikivunjika ulitupanga sote, aliyevunja na asiyevunja, tukaomba msamaha kwa sauti moja, tukaenda kula. Sikulaumu, mama, tulikula kwa amani. Nilidhani tu kwamba na polisi wa Uingereza wako hivyo.

Kumbe kule ukikubali, umekubali. Onyo linaingia kwenye kumbukumbu za polisi, na yeyote anayetaka kukuajiri utunze wazee analiona. Kampuni ilimsimamisha, kisha ikamwachisha kazi. Viza yake imefungwa kwenye kazi hiyo, kama yetu huku ilivyofungwa kwa mwajiri. Asipopata kampuni nyingine ya kumchukua atarudishwa, na kampuni gani itamchukua hali iko hivyo?

Halafu saa ikapatikana. Ndiyo, mama, imepatikana! Bibi mwenyewe alikuwa ameisokomeza ndani ya soksi ya marehemu, kabatini, ili isiibiwe, akasahau. Binti yake alimwandikia Mwakio kumwomba radhi. Lakini onyo liko pale pale, kwa sababu alilitia sahihi mwenyewe. Kila mlango anaobisha wanamuuliza swali lile lile: kama hukuchukua, kwa nini ulikubali? Naye ananistahi, hasemi ni dada yake aliyemwambia.

Sasa kuna wakili, mwanamke wa huko huko, anayemsaidia ili onyo lifutwe. Alitaka maelezo yangu kwa maandishi, kwamba ushauri ulikuwa wangu na kwa nini niliutoa. Nilichelewesha, mama. Niliogopa jina langu kuingia kwenye karatasi za polisi, nikawaza habari itafika kazini kwangu, nitafukuzwa. Mwakio alinikumbusha kwa upole tu, "Ukipata nafasi, dada," na afadhali angenitukana. Mwishowe nilikwenda mtaa wa Al Sadd kwa Winnie, nesi tunayesali naye, anichapie kwa Kiingereza kizuri. Alipofika pale Mwakio alipomwambia askari "kosa ni langu" akatikisa kichwa.

"Wakesho, hata mimi ningesema sori," akaniambia. "Kule wodini nikijigonga kwa kitanda nakiambia kitanda sori."

Tukacheka, kisha nikalia kwenye kochi lake. Maelezo yamekwenda. Jibu halijafika, na wakili hakutuahidi kitu.

Lakini hayo yangesubiri. Kilichonifanya nikae chini kuandika ni ule ujumbe wa sauti uliomtumia Mwakio Jumapili iliyopita. Alinisikilizisha kwa simu. Ulisema umefunga na kuomba kwa ajili yake, ukasema, "Mwanangu, nimekusamehe, na Mungu amekusamehe, usirudie tena." Sauti yako ilikuwa nzuri, mama, ile ya kutubembeleza tukiwa na homa. Ujumbe ulipoisha akasema, "Hata mama."

Nikamwambia nakupigia sasa hivi. Akakataa katakata. "Muache, dada. Amefunga kwa ajili yangu, ukimwambia ataumia. Nishamjibu asante."

Alikujibu asante, mama. Amekiri tena wizi ule ule. Mara ya kwanza alikiri kwa kunitii mimi, mara hii amekiri ili wewe usiumie.

Msalimie Mghoi, mke wake. Mwambie mumewe si mwizi, na arudi kwenye kikundi cha akina mama, akae mbele alikokuwa anakaa. Baba mdogo Mwambi nasikia amekuwa akiyasema haya pale kwa muuza nyama. Msalimie, umwambie akaseme pale pale, kwa sauti ile ile, kwamba saa imepatikana. Shangazi Wakio mpe mkono, na kitambaa cha kijani alichobeba Bakari ni chake, usikipende sana. Watoto wa Mwakio wabusu wote.

Sasa ninalokuomba. Jumapili Mwakio atakupigia kama kawaida, na najua ataanza kwa kuomba msamaha, ndivyo alivyo. Mkatize. Usimwambie umemsamehe, wala usimwombee kwenye simu. Mwambie, "Najua hukuichukua," kisha unyamaze, hata kama analia. Hilo tu ndilo ambalo hajaambiwa na mtu yeyote wa damu yake, mimi nikiwa wa kwanza.

Na ule msamaha uliofunga ukauombea, mama, usipotee bure. Mwanao mwenye kosa ni mimi.

Binti yako anayekupenda,
Wakesho