Nadhiri ya Mahder Kwenye Daftari la Kiingereza

Wewe mama wa redioni, kabla sijakuomba chochote, acha tabia ya kuwacheka watu unaposoma barua zao. Jumamosi iliyopita ulimcheka yule mwanamume aliyefukuzwa na mkewe kwa ajili ya mbuzi, na mimi huku jikoni nilicheka pia, lakini mimi si mshauri. Yangu isome kwa sauti ya mtu mzima.

Naitwa Zenebech, mjane, nauza injera, mkate wetu wa unga uliochachuka, hapa Dire Dawa, na kusoma nilijifunza ukubwani kwenye kampeni ya kufuta ujinga, nikapewa cheti, kipo ukutani hadi leo, kwa hiyo usidhani kuna mtu kaniandikia. Naishi na mjukuu wangu Mahder, yuko darasa la nane, na Jumatano ijayo ana mtihani wa kumaliza, na baba yake aliyeko Djibouti ameshasema binti akianguka ataenda huko kumlelea watoto wa mke mpya, na shule basi.

Sasa kila jioni mimi nakaanga kahawa, yeye ananisomea daftari lake, Kiingereza kwanza halafu kwa lugha yetu, nami natikisa kichwa kama mkaguzi wa shule, ingawa Kiingereza ninachokijua ni neno moja na hilo ni jina la sabuni. Siku hiyo mwalimu wao Dessalegn alikuwa amewaambia waandike sentensi za "kama", jambo hili likitokea na lile linafuata, na Mahder akanisomea yake ya kwanza: "Nikifaulu mtihani, nitakwenda Kulubi, kanisani kwa Malaika Gabrieli, kwa miguu, nimebeba jiwe mgongoni." Kahawa ikaungua.

"Nani kakutuma kumwekea malaika nadhiri?"

"Bibi, si nadhiri. Ni sentensi ya 'kama' namba moja, zipo aina tatu. Mwalimu ametaka mfano."

"Na Gabrieli amesoma kwa mwalimu wako hata ajue kwamba ni mfano?"

Akasoma ya pili: "Ningekuwa tajiri, ningewajengea mayatima wa mtaa wetu nyumba." Nikawahesabu mayatima wa mtaa wetu kwa vidole, vidole vikaisha, nikamwambia, mwanangu, hapo umeshajitia kwenye ujenzi. Ya tatu ikasema: "Kama babu asingalikufa vitani, bibi asingaliuza injera." Hapo nilikwenda kutazama unga kama umeumuka.

Niliporudi nikatoa sheria, kwamba hakuna "kama" itakayoandikwa nyumbani mwangu bila kulipwa, na kesho yake asubuhi nikajifunga shuka langu jeupe la kanisani nikaenda shuleni kumkomesha huyo mwalimu. Nilimkuta darasani, watoto wamejaa.

"Karibu, mama. Kuna shida?"

"Shida ni wewe. Unawawekesha watoto wa watu nadhiri bila padri."

Akanitazama kwa upole, na upole wa kijana aliyesoma huwa unaniudhi kuliko tusi. "Mama yangu, mwaka huu nimetunga sentensi kama hizo zaidi ya mia. Zingekuwa nadhiri, saa hizi ningekuwa mtakatifu au mfungwa."

Mtoto mmoja akasema kutoka nyuma, "Hiyo ni namba mbili, mwalimu," na darasa zima likaanguka kicheko, na mimi mwenye cheti nikasimama pale nisijue namba mbili ni nini, na Mahder amelaza uso juu ya dawati.

Juzi walifanya mtihani wa majaribio. Maswali ya "kama" yalikuwa kumi na mawili, na mtoto hakugusa hata moja, karatasi imerudi nyeupe kama shuka langu. Nikamuuliza, una wazimu? Akasema, "Bibi, umesema kila 'kama' ina malipo. Mimi sina cha kulipia." Ulimi huo kauiba kwangu, siwezi kumsingizia jirani.

Haya, na ukweli wenyewe nautoa, maana ukifika hapa kusoma utakuwa umeshanivua nguo mbele ya nchi nzima. Miaka kumi na minne iliyopita mwanangu huyo wa Djibouti aliugua mpaka tukamnunulia sanda, nikasema, Gabrieli, akipona nitakuletea mwavuli wa kanisa wenye nyuzi za dhahabu. Akapona. Gabrieli nilimpelekea mishumaa mitatu, mmoja umevunjika. Tangu hapo kila sikukuu naenda Kulubi na nasimama nyuma ya watu warefu.

Mpendwa mshauri, nisaidie. Nimruhusu mtoto aandike adaiwe na malaika, au nimwache salama aanguke mtihani?

Zenebech, Dire Dawa

*

Mama Zenebech, nilijikaza nisicheke mpaka pale kwenye watu warefu. Nisamehe, kisha nisikilize, maana na mimi nina wajukuu na sina subira.

Nadhiri huwekwa na moyo unaoomba. Mtoto aliyeambiwa na mwalimu atunge mfano hajaahidi kitu, kama vile watoto wanaocheza harusi uani hawajaoana. Ukibisha, muulize padri wako, naye akuulize habari za mwavuli.

Umekwenda kumtukana mwalimu kwa somo unalolijua kuliko yeye. "Nikifaulu" ni mlango ulio wazi, jambo linaweza kuwa. Ulipokuwa kitandani pa mwanao ukisema "akipona" ulisimama mlangoni hapo. "Ningekuwa tajiri" ni maneno ya kwenye kahawa, mtu anajua si tajiri, na hakuna yatima atakayekuja kudai nyumba. "Asingalikufa" ni mlango uliokwisha fungwa, haufunguki kwa kuuzungumza, na ndiyo maana ulikimbilia unga. Zote tatu umeziishi. Mjukuu wako anachotafuta ni Kiingereza chake tu.

Na hofu hiyo si ya Mahder, ni yako. Umeshindwa kuibeba miaka kumi na minne, ukamtwika msichana wa darasa la nane, na sasa yeye ndiye atakayekwenda kuosha watoto wa mke mpya kwa deni la bibi yake. Aibu hiyo, mama. Mwavuli utaupeleka sikukuu ijayo, hata kama ni mdogo, na utasimama mbele.

Jumatatu asubuhi utarudi kwenye darasa lile lile, mbele ya watoto wale wale, umwombe mwalimu radhi. Wakicheka, waache wacheke. Lakini leo ni Jumamosi na Jumatano haisubiri mtu. Karatasi ile nyeupe iko nyumbani mwako. Iweke mezani, mwite Mahder, umwambie sheria yako imekufa. Wewe toa mifano kwa lugha yetu, yeye aiandike kwa Kiingereza, na asiinuke mtu hapo, wewe wala yeye, mpaka yote kumi na mawili yajazwe.