Sare ya Zambarau Niliyoificha

Jumapili, jioni. Mvua haijakata tangu asubuhi, huko Jangwani sijui watu wanapita vipi. Nimeshinda ndani kwangu Mchafukoge na cherehani, na leo nimeumbuka.

Ngoja nieleze.

Wifi yangu Zuhura anarudi kwao Lindi keshokutwa. Kaka yangu kampa talaka, eda imekwisha, na mimi niliyezoea kumwita wifi miaka yote hii sijui tena nimwite nani. Kwetu hakuna aliyegombana naye. Watu wameacha tu kumpigia simu, kimya kimya. Mama kaniambia nisijitie kimbelembele, yaliyoisha yameisha. Sasa mimi kimbelembele ninacho tangu utotoni, nitakiacha leo?

Basi nikaamua kumshonea shuka la viraka, lile ambalo bibi yangu aliliita mfarishi. Na si la vitambaa vya kununua. La sare. Mnaonijua mnajua ukoo wetu hauendi shughuli bila sare: harusi sare, akika sare, hata msibani wanawake tunajifunga khanga ya aina moja. Kabati langu limejaa magauni yaliyovaliwa siku moja tu, na karibu yote niliyavaa nimekaa ubavuni kwa Zuhura.

Nikashika mkasi. Nikakata ya kijani, ya harusi ya binamu yetu. Nikakata ya njano, ya akika ya mwanangu. Khanga nyeusi ya msiba wa baba niliishika muda mrefu kabla ya kuikata, maana siku zile Zuhura ndiye aliyekuwa akinilisha uji kwa kijiko.

Miraba nimepimia kipande cha boksi la viatu. Miraba tisa inafanya pande moja, kisha mapande yanaungwa. Kazi rahisi, wanasema. Rahisi kwao! Vitambaa vya sare vinateleza kama mlenda, pembe zangu zikakataa kukutana, nikafumua, nikashona upya, nikatukana cherehani isiyo na kosa. Katikati nimeweka blanketi kuukuu, chini shuka zito la kutoka Kariakoo.

Sare moja sikuigusa. Ya zambarau, tuliyovaa siku tulipokwenda kumchukua Zuhura bibi harusi. Niliikunja nikaitia chini kabisa ya sanduku. Nani anataka kulala amejifunika ndoa iliyokufa? Nilijiona nina busara kweli.

Mchana kaja kuniaga, kalowa chapachapa. Nikamtandikia shuka kitandani. Akapitisha mkono kipande kwa kipande huku akicheka. Akakumbuka ile ya kijani ilivyotubana makwapani, na siku ya njano pilau lilivyoungua tukalila hivyo hivyo. Kwenye khanga ya msiba wa baba akalaza kiganja. Kisha nikamwona anatafuta, anageuza pindo huku na huku. Akauliza ya zambarau iko wapi.

Nikababaika. Nikamwambia sikutaka kumkumbusha.

"Siku ile viatu vinaniua, nalia, simjui mtu hata mmoja kwenu," akasema. "Mtu wa gauni la zambarau akapiga magoti akanivua, akanipa ndala zake. Mtu huyo ni wewe. Kaka yako alivaa nini mimi hata sikumbuki. Yeye ndiye aliyeniacha. Kwani na wewe umeniacha?"

Nililia, na yeye ndiye akawa wa kunibembeleza.

Aibu gani hii, jamani.

Nilikuwa nawalaumu wenzangu kwamba wamemtupa, kumbe na mimi nilikuwa namtoa, tena kwa upole, huku nikijisifu moyoni. Nilidhani ile siku ni ya kaka yangu peke yake. Haikunijia kabisa kwamba ndiyo siku na mimi nilipompata.

Gauni la zambarau liko mezani sasa, nimelipiga pasi. Bado linanienea, na roho inaniuma kulikata. Pande la katikati nimeshalifumua, limebaki tundu kubwa kwenye shuka pale kitandani. Kukikucha nakata.

Nimemwambia apite kesho jioni kuchukua shuka lake. Alipofika mlangoni nikamwita, wifi. Akageuka, akaitika.