Mstari wa Kushukia

Kamembe, Novemba 2000

Kwa Yaya Mukamana,

Dada yangu mkubwa, nakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na wote wa hapo Gashonga. Mama mkwe wako anaendeleaje na kifua chake? Mihogo mmeshaing'oa, au mvua imewazuia? Mimi napumua. Mguu wa kulia umeunga vibaya, na taya linauma nikitafuna, lakini nipo.

Nimefika juzi kutoka hospitali ya misheni, kule ng'ambo ya mpaka. Nimefikia kwa Mudathiru, yule seremala Mwislamu wa karibu na soko, ambaye amenichongea magongo. Ndiye aliyenipa barua yako, ilikuwa ikinisubiri. Ningekuja mwenyewe, lakini mguu haukunjiki, siwezi kukaa kwenye moto, hizi pikipiki za abiria.

Yaya, nimelia. Umeandika kwamba mwanao Mucyo ameacha shule, na Jumatatu anakwenda kujiandikisha jeshini, avuke akawatafute waliomtungua baba yake. Umeandika pia kwamba hukumzuia. Sikulaumu. Mudathiru ameniambia mji mzima unasema hivyo: wenye ndege walitangaza kwamba risasi za waasi ndizo zilizoishusha. Mimi ambaye ningesema neno nilikuwa nimelala, taya limefungwa kwa waya, wala habari hizo sikuzisikia. Basi nakueleza yaliyotokea, na naomba Mucyo aketi karibu nawe unaposoma.

Unajua mumeo Muhigirwa alivyokipenda kile kifaa cha GPS. Marubani wengine walikitumia kujua njia tu. Yeye alikitumia hata kushuka. Unakiambia unataka kufika kimo gani, umbali gani kabla ya kiwanja. Chenyewe kinapokea alama za setilaiti, kisha kinakuonyesha uanzie wapi kushuka, na kila hatua uwe kwenye kimo gani. Ni kama mstari unaoteremka hewani, nawe unaufuata. Ndiye aliyenifundisha, na kila mara alirudia: "Vénuste, hii machine haioni mulima. Inajua pale tuko na pale tunaenda, basi."

Kwenye kile kiwanja cha msituni tulizoea kuingia kwa kufuata bonde la mto. Mstari wetu ulipita juu ya maji, salama kabisa. Safari ile tulibeba chumvi na dawa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuturudisha mara mbili, na mtawa wa misheni alikuwa amelia kwenye redio kwamba batoto banakufa kwa surua. Tulipofika, bonde lilikuwa limefungwa tena. Muhigirwa akazunguka aingilie upande wa pili, wa vilima. Namba za kushuka, zilizopangwa kwa njia ya mto, hakuzibadilisha.

Nilimwambia, "Kapiteni, tubakie juu kwanza, tutafute pale mawingu iko wazi."

Akajibu bila kuniangalia, "Ngoja kidogo. Mustari iko muzuri. Sasa hivi tutaona muto."

Na kweli, tulikuwa juu ya mstari barabara. Ndani ya wingu jeupe huna kingine cha kutazama. Halafu weupe ukageuka kijani. Akavuta usukani kwa mikono yote miwili, nami nikavuta naye.

Hakuna aliyetupiga risasi, Yaya. Hakuna hata mmoja. Tuliufuata mstari mpaka tukaingia mlimani.

Tena walikuambia alikufa papo hapo. Hapana. Aliishi mpaka jioni, nami nilikuwa kando yake, mguu umebanwa kwenye chuma. Hakumlaumu mtu. Alisema, "Nilijua, Vénuste. Nilijua, na nikaiamini tu." Taya lilikuwa limevunjika, sikuweza kumjibu. Aliomba maji, sikuwa nayo. Aliita Mucyo, akakuita wewe, na mwisho akawa anamwita mama yake. Mama mkwe akiuliza, mwambie hilo. Ni haki yake kulijua.

Sasa Mucyo asikilize vizuri. Waliotufikia wa kwanza ni wale vijana wa msituni wenye bunduki, haohao anaotaka kwenda kuwaua. Nilidhani wamekuja kunimaliza. Mmoja akalaza bunduki yake chini, akanitilia maji mdomoni kwa jani. Walikata miti, wakafunga machela, wakanibeba kwa kupokezana mpaka misheni. Dawa pia walizifikisha. Chumvi waliichukua, siwezi kukuficha. Lakini kabla hatujaondoka walimchimbia Muhigirwa kaburi na kulipanga mawe, wakaniuliza anaitwa nani, wasizike muntu bila jina. Nikaliandika kwenye udongo kwa kidole.

Wenye ndege hawatafurahi nikiyasema haya, lakini nitayasema kwa yeyote atakayeniuliza. Mucyo akitaka kuja kuniuliza, Mudathiru ana godoro la ziada. Akikataa, akasema lazima avuke, basi asiende na bunduki. Akawaulize wale vijana lilipo kaburi la baba yake. Mimi nilibebwa nikiwa nusu maiti, njia siijui. Wao tu ndio wanaoijua.

Mwenye moto anayekuletea barua hii nimemwomba asigeuze kabla hujaimaliza. Mpe jibu lolote, hata la mdomo. Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, na Mungu awakalie karibu.

Mdogo wako,
Vénuste