Opera, Eeddo na Kimya Changu

Ijumaa, Waberi. Joto limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na umeme unakuja na kuondoka. Sina furaha wala huzuni. Nipo tu.

Nimerudi nyumbani hapa Waberi kutoka kambi ya Ifo, ninakofundisha, nipumzike kidogo. Mwalimu mwenzangu aliyehamishwa aliniachia flashi yenye opera ya Kitaliano iliyorekodiwa jukwaani. Leo baada ya swala ya adhuhuri nikaifungua kwenye kompyuta. Eeddo Halimo, dada yake baba, akaja kukaa kando yangu na kikombe chake cha chai.

Kisa chenyewe ni chepesi. Koo mbili zina damu baina yao. Ili zipatane, binti wa ukoo mmoja anaozwa kwa ukoo wa pili, naye moyo wake uko kwingine. Mpenzi wake ni kijana, ingawa anayemwigiza ana kitambi na mvi. Maneno yalikuwa yakipita chini kwa Kiingereza, nami nikimtafsiria eeddo kwa Kisomali.

Hakuhitaji tafsiri nyingi. Mambo ya kutoa msichana ili kuzima kisasi anayajua. Kilichomuudhi ni kwamba mjomba wa binti hakuonekana popote.

"Naa, abti wake yuko wapi? Hawa watu hawana mjomba?"

Binti ana sauti ya ajabu, sikatai. Anashika silabi moja, anaipandisha, anaizungusha huko juu, kisha anaishusha bila kuiangusha. Lakini haikunigusa. Nilikuwa nikilitazama lile gauni zito na kujiuliza kama hasikii joto.

Ikafika sehemu ya kuozwa. Wanaume wote wanaimba kwa pamoja, kila mmoja na lake. Binti anaulizwa. Anainamisha kichwa, kimya.

"Basi, amekubali," eeddo akasema.

Nikamwambia hajakubali, ndiyo maana baadaye anakunywa sumu. Na kweli akainywa, akaimba muda mrefu kabla ya kufa, hata eeddo akauliza pumzi hiyo anaitoa wapi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Marehemu akainuka, akainama kushukuru.

Eeddo hakuridhika. "Aliulizwa mbele ya watu, akanyamaza. Sasa analia nini, wallahi? Hata wewe, Jumatatu nilikuuliza habari ya yule mtu wa Kutulo, ukanyamaza. Nikamwambia baba yako umekubali. Wazee wao wanakuja leo baada ya alasiri."

Nikafunga kompyuta.

Kwetu msichana akiulizwa habari za ndoa akanyamaza, kimya chake ni ndiyo. Nimelijua hilo tangu utotoni, lakini kwa wasichana wengine. Jumatatu nilipoinamisha kichwa na kuendelea kumimina chai, nilidhani najipa muda wa kufikiri.

Yule mtu wa Kutulo si mbaya. Anauza ngamia, anaswali, ana adabu zake.

Simtaki.

Nilimkuta baba barazani, amevaa kanzu mpya, anachana ndevu zake za hina. "Aabo, mimi sikukubali. Nilinyamaza tu. Simtaki." Sauti ilitoka nyembamba, haina uzuri wowote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikarudia kwa nguvu, ili na eeddo asikie huko ndani.

Hakunigombeza. Alichukua simu akawapigia wale wazee, nikamsikia akiwaomba radhi. Sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu radhi. Aliomba mara mbili, tatu, huku akitazama ukuta, na hakusema kwamba kosa ni langu.

Nikaingia ndani nikalia.

Jioni baba alikula peke yake. Eeddo naye hasemi nami. Sijutii nilichosema, ila namwonea baba uchungu. Kesho asubuhi nitamtolea salamu kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani humu. Sijui ataniitikiaje.